Flashi Inayoitikia

Zuena aliposikia sauti ya baba yake kati ya wazee waliokuja Mkata kuchukua idhini ya bibi harusi, alijificha na kamera yake nyuma ya pazia la mlango wa chumba alimokuwa akimpiga picha mwali.

Baba alishasema, "Siku nikikukuta unapiga picha harusi za watu, unarudi Mazingara kulima mihogo."

Sebuleni, mpiga picha mwenzake akawapiga picha wazee. Papo hapo flashi ya Zuena ikawaka yenyewe. Asubuhi waliiweka kwenye hali ya kuitikia, mmoja akipiga na ya mwenzake iwake. Ilikuwa ya kuazima, swichi yake ya kuzimia ilishakufa, na kifuniko cha betri kikagoma kufunguka.

Akaifumbata. Picha ya pili ikapigwa, mwanga ukapenya vidole vyake, vikawa vyekundu kama makaa.

"Mwali kafuga radi humo ndani?" mzee mmoja akatania, wakacheka.

Baba hakucheka. Chini ya pazia, Zuena aliona makubazi ya baba yakigeuka taratibu, yakaelekea chumbani.

"Fundi," baba alimwambia mpiga picha, "hebu piga tena."