Chumba na Sebule

Grinda ilipogusa bati la kisogo cha pikapu, Baridi alifumba macho. Gari lilikuwa lake, na mpaka asubuhi hiyo halikuwa na hata mkwaruzo.

Jina la Baridi alipewa na wateja, kwa kuwa kazi yake ni kutengeneza friji. Alizunguka mji mzima na pikapu ile, vifaa vyake vikiwa nyuma chini ya kanopi ngumu yenye mlango na vidirisha. Humohumo kwenye kanopi, kando ya vifaa, ndimo alimolala. Kupanga nyumba, alisema, ni kulipia kuta ambazo mchana kutwa huzioni.

"Una hakika?" aliuliza mchomeaji. "Hili nikishalitoboa, halishoneki."

"Toboa, kaka. Maji nimeshayavulia nguo."

Yote yalitoka kwa mama wa mchumba wake. Mama huyo alikuwa mjane, akiishi na binti yake huyo mmoja tu, na sharti lake halikuwa refu: binti haolewi na mwanamume asiye na chumba na sebule. Baridi akamweleza, kwa adabu zote, kwamba anavyo. Mbele sebule, nyuma chumba. Mama akaja kuona. Akakaa siti ya mbele, akaitazama dashibodi, akauliza chumba kiko wapi. Ikabidi ashuke, azunguke gari juani, apandie nyuma.

"Sebule gani hii," alisema akihema, "mtu akitaka kwenda kulala anavaa viatu? Hivi ni vibanda viwili vimefuatana. Viunganishe, ndipo uniite."

Mwingine angecheka akaenda zake. Lakini Baridi alimpenda yule binti mpaka siku moja alifungua friji ya mteja akasahau alichofuata humo. Akaenda kwa mchomeaji.

Basi kioo cha nyuma kikatolewa, bati likakatwa, na kanopi nayo ikatobolewa, tundu likielekeana na tundu. Baridi alitaka paungwe kwa bati, pawe imara.

"Thubutu!" mchomeaji alimaka. "Kichwa cha gari kinacheza kivyake, bodi kivyake. Ukivibana kwa bati vitararuana. Hapa katikati tunaweka mpira wa mikunjo, kila mmoja acheze kwa raha zake."

"Kama ndoa," alisema Baridi.

"Mimi nazungumzia gari."

Jioni mchumba alileta pazia aliloshona mwenyewe, la maua. Akalitundika penye tundu, akapita kwenda nyuma, akarudi mbele, akacheka mwenyewe kama mtoto. Baridi hakucheka.

"Na mama akikataa tena?"

"Akikataa tena, sitampinga," mchumba alisema. "Mama ninaye mmoja."

Alilisema kwa upole, na ndiyo maana lilimwuma. Usiku ule Baridi hakupata usingizi.

Jumapili mama akaja. Akapanda mbele, akavua viatu, akapenya tunduni kwa magoti mpaka chumbani. Akarudi. Akaenda tena. Wachumba walisimama nje, mikono nyuma, kama washtakiwa.

Aliporudi mbele mara ya pili, akalivuta pazia, akalifunga. Akauliza kama milango ya mbele inajifunga kwa ndani. Inajifunga, mama. Akauliza kama mvua haipenyi. Haipenyi, fundi amelimwagia gari maji ndoo kwa ndoo. Kisha mama akajinyoosha kwenye ile siti ndefu ya mbele, chali, akafumba macho. Hakuwa mrefu, basi alienea, isipokuwa kitu kimoja kilimchoma mbavu.

"Hiki kijiti cha gia kinang'oka?"

"Kinang'oka, mama," alisema Baridi. Hata angeulizwa kama injini inang'oka, angesema inang'oka.

Mama akaendelea kulala. Mchumba akamfinya Baridi kidole, anyamaze. Baridi akaanza kufikiria maisha bila yule binti, akaona hayafai kitu.

Hatimaye mama aliinuka, akateremsha kioo cha mlango, akatoa mkono nje akamshika Baridi bega.

"Wenzako wawili walikuja kabla yako. Niliwaambia habari ya sebule, wakanicheka. Wewe umelikata gari lako. Binti ni wako, mwanangu, nawapa na baraka zangu."

Baridi alilia hadharani, mwanamume mzima, wala hakuona haya. Mchumba alimrukia shingoni. Hata mchomeaji, aliyekuja kuangalia kama mpira umeshika vizuri, akajikuta anapiga makofi.

Mama akawaacha wafurahi mpaka wakatosheka. Kisha akalipapasa lile pazia la maua, akalisogeza pembeni, akamwita mchomeaji.

"Sasa, baba, nizibie hili tundu. Hawa ni maharusi, na mimi huku mbele usingizi wangu mwepesi."