Senti za Kadibodi

Mama Panya alikuwa akikwangua ukoko mkavu ndani ya sufuria, ndipo jirani yake Sungura alipoingia mbio bila hodi.

Tangu Nyani wampindue Simba, fedha ilikuwa vipande vya kadibodi vyenye sura ya Nyani Mkuu. Askari walichukua mtama wa kila nyumba, wakalipa kwa vipande hivyo, na madukani hapakubaki chakula cha kununua. Njaa ilipozidi, mume wa Mama Panya alitafuna senti moja tu. Wakamnyonga kwa kosa la kuila sura ya mkuu.

“Shoga, tumekwisha!” Sungura alilia. “Nyani wamepinduana wenyewe kwa wenyewe. Mkuu mpya anasema senti hizi si fedha tena. Gunia langu zima limekuwa takataka!”

“Takataka kabisa? Umesikia mwenyewe?”

“Masikio yote haya yanidanganye? Askari wametuambia tukachome moto.”

“Usichome. Niletee.”

“Za nini, mwenzangu?”

“Wewe mla majani. Meno yangu mimi unayajua.”

Sungura akamkumbuka marehemu, akaenda kulileta gunia.

Mama Panya aliziloweka senti, akazichemsha kwa chumvi mpaka zikalainika. Jioni akapakua, akawahesabu wanawe huku wakitafuna sura ya mkuu aliyeondolewa. Wote walikuwepo, isipokuwa baba yao, aliyeionja senti ingali fedha.