Sauti Iliyobanwa

Siku hizo kila nyumba ilifungwa kichujio cha sauti, kile kile cha watengeneza muziki. Kilibana makelele, kikainua minong'ono, kisha kikatia mkwaruzo kidogo ili maneno yanoge masikioni. Bi Mwanakheri alikikaza cha kwake mpaka mwisho, maana bintiye Riziki alikuwa na sauti ya kupasua bati.

Jumamosi moja alikuwa sebuleni akimsuka jirani yake, Mama Shemsa. Kutoka jikoni Riziki akaita, "Mama." Sauti laini, tamu, kama ya mtu anayeomba chumvi.

"Subiri nimalize mstari huu."

"Mama."

"Mtoto huyu hana subira," akamwambia jirani.

"Lakini anaita vizuri, shoga. Wangu hubweka."

Wakacheka. Alisuka mistari mitatu mingine ndipo akaenda. Akamkuta mtoto sakafuni, mafuta ya maandazi yamemmwagikia mkono mzima, kinywa kimeachama, na bado sauti inatoka taratibu: mama, mama.

Hospitalini nesi aliuliza mtoto ameungua saa ngapi. Bi Mwanakheri akainamisha kichwa, akataja saa ya uongo.

Riziki akamtazama. "Nilikuita."

"Nilikusikia, mwanangu."

"Kwani niliita vibaya?"