Bao Lisiloonekana

Bi Tunu alikuwa amepiga video za harusi kwa miaka ishirini, na fainali ya mpira wa wasichana ndiyo ilikuwa mechi yake ya kwanza. Kesho yake Sikudhani, aliyefunga bao la ushindi, alifika studio akiwa bado na jezi.

"Bao lenyewe sinalo, mwanangu," Bi Tunu alikiri. "Harusini, pete ikivishwa tu, nageuza kamera kwa wazazi. Jana ulipopiga shuti, mkono ukageuka wenyewe."

Sikudhani akanuna. "Wazazi gani? Baba alisema hawezi kufunga saluni kwa ajili ya mpira."

"Hebu tazama."

Kwenye skrini, nyuma ya mashabiki, baba yake alikuwa akiruka na aproni yake ya kinyozi, mashine ya kunyolea mkononi, waya unaning'inia. Pembeni yake aliruka mteja, shuka la saluni shingoni, kichwa kimenyolewa nusu.

Sikudhani alicheka mpaka akashika meza.

"Rudisha nyuma, Bi Tunu. Tena."

Mara ya nne hakuwa akicheka tena. Alikuwa akifuta macho kwa jezi.

"Nikiondoe kipande hiki?"

"Usikiguse! Au… kipunguze kasi. Halafu weka yale maua ya harusi."

Bi Tunu akabonyeza. Mawaridi mekundu yakafunguka taratibu kuwazunguka kinyozi na mteja wake, nao wakapaa pamoja, midomo wazi, miguu haijagusa chini.