Waya Ndani ya Plasta

Mwanamkasi alifariki Jumatatu kwa kupigwa na umeme akipigilia msumari wa kutundika picha. Matanga yalipoanuliwa, mumewe, Kombo, alimwita Mzee Ngwali, fundi umeme wa mtaa wa pili, aje kuuangalia ule ukuta.

Ngwali alizima umeme, akaanza kubandua plasta kwa tindo. Alipofika penye tundu la msumari, waya ukajitokeza. Haukushuka wima kutoka kwenye swichi kama inavyotakiwa. Ulikatiza ukuta mshazari, bila bomba la kuukinga. Aliutambua. Ni yeye aliyeupitisha hapo miaka sita nyuma, mwenye nyumba wa kwanza akimharakisha, akauziba kwa saruji na kujiambia kwamba hakuna atakayeuona. Kombo hakuyajua hayo. Nyumba aliinunua ikiwa imekwisha kujengwa.

"Ndiyo huu?" Kombo aliuliza.

"Ndiyo huu, mwanangu."

"Mke wangu angejuaje kuwa umepita hapa?"

"Asingejua. Hakuna ambaye angejua."

"Na fundi aliyeupitisha? Mji wenyewe mdogo huu, humfahamu?"

Ngwali angeweza kumtaja yeyote. Mafundi wenzake wengi walikwisha kuzikwa, na maiti hajitetei. Akachuchumaa, akaiweka tindo chini.

"Ni mimi," alisema.

Kombo hakupiga kelele. Alikwenda akafunga mlango kwa komeo, akarudi, akaketi sakafuni kwenye vumbi la saruji, magoti yakikaribia kugusana na ya mzee.

"Rudia," alisema.

Uani, wanawake waliokuwa wakisugua masufuria ya matanga wakaacha kazi, wakatega sikio.