Imezimika Tena

Kompyuta ilipozimika mara ya kwanza, mtu aliyefungwa kwenye kiti mle stoo alipigwa bomba la chuma gotini, akalia mpaka mbwa wa jirani wakaitikia.

"Umeona, fundi?" Bosi alisema kwa upole. "Huyu ndiye mwendeshaji wetu. Jana mashine ilikuwa nzima, leo inazima kila ikiwashwa. Amehongwa aiharibu. Kwa hiyo ikizima, anakula moja. Saa sita ikifika haijakaa sawa, hatoki humu akiwa hai."

Saa sita kulikuwa na fainali. Ukumbi wa michezo ya kompyuta, upande wa mbele, ulishajaa wanaume wasiopenda kusubiri, na mechi ilikuwa ichezwe kwenye mashine hii, si nyingine. Saa ya ukutani ilionyesha nne na nusu.

"Fundi! Ndugu yangu, nakuomba, fanya haraka!" mtu wa stoo alipiga kelele. Walikuwa wamemfunika kichwa kwa fulana, nayo ilishaloa damu pale penye mdomo.

Fundi aliposikia sauti ile, bisibisi ilimponyoka. Akainama kuiokota, akakaa chini ya meza muda mrefu kuliko bisibisi moja inavyohitaji.

Tingatinga, mbabe wa ukumbi, akaenda kufunga mlango wa stoo.

"Acha wazi," fundi alinong'ona.

"Utafanyaje kazi na makelele haya?"

"Nitaweza."

Akawasha. Maandishi yakapita, picha ya mwanzo ikatokea, alama ndogo nyekundu ya programu ya kuchochea kadi ya picha ikachungulia pembeni, feni ikanguruma, skrini ikawa nyeusi tii.

Tingatinga hakusubiri kuambiwa. Bomba likatua mbavuni, na kitu mle ndani kikavunjika kama kijiti kikavu.

"Mbili," alisema Bosi.

Fundi akafungua kasha. Akachomoa vipande vya kumbukumbu, akavisugua kwa kifutio kimoja kimoja, akavirudisha mahali pake. Akawasha. Nyeusi. Bomba likaenda mguu wa kushoto. Akabadilisha waya wa umeme. Nyeusi. Mguu wa kulia. Akapuliza vumbi, ingawa vumbi lenyewe lilikuwa la kutafuta kwa tochi. Nyeusi. Mtu asiyejua kompyuta angeapa kwamba hajawahi kuona fundi makini kama huyu.

Machozi yalimlenga. Akayafuta kwa kiwiko.

"Una roho nyepesi, bwana," Bosi alimcheka. "Kazi, kazi."

Mara ya saba, meno mawili yalidondoka sakafuni na kubiringika hadi mlangoni. Mara ya nane, mwendeshaji hakuomba tena. Alikuwa anamwita mama yake kwa sauti ya mtoto mdogo. Saa ilishafika tano na dakika hamsini. Hata Tingatinga alikuwa hoi, jasho likimtiririka, akahamishia bomba mkono wa pili.

"Fundi, huyu atakufa," alisema. "Huna njia nyingine kweli?"

"Moja tu," fundi alijibu. "Nipe moja tu."

Akabonyeza kitufe. Nyeusi. Bomba likashuka begani, na mfupa ukasikika mpaka mezani.

"Tisa," Bosi alisema, akaitazama saa.

Fundi akashusha pumzi, akajifuta viganja kwenye suruali. Akaiwasha mashine kwa hali salama, ile inayoiamsha bila programu za ziada. Akafungua orodha ya vitu vinavyojiwasha vyenyewe, akaondoa kimoja, akaizima, akaiwasha upya. Skrini ikang'aa, ikatulia, ikaendelea kutulia. Dakika mbili zilikuwa hazijaisha. Kule mbele wanaume wakapiga miluzi.

"Ulikuwa ugonjwa gani?" Bosi aliuliza.

"Programu ya kuchochea kadi ya picha," fundi alisema kwa sauti ya chini. "Ilikuwa inajiwasha pamoja na mashine, inaikamua kadi kupita uwezo wake, mashine inaanguka. Mwendeshaji wako alitaka picha ziende kasi, basi. Hakuhongwa na mtu."

"Kumbe ni kitu cha dakika mbili! Mbona hukuanza na hicho?"

"Kila fundi ana utaratibu wake."

Bosi aliguna, akatikisa kichwa kuelekea stoo. "Mfungue," alimwambia Tingatinga, akatoka kwenda kupokea wageni wake.

Kamba zilipokatwa, mwendeshaji aliporomoka sakafuni. Fulana ikavuliwa. Akatambaa kwa kiwiko kimoja mpaka kwenye viatu vya fundi, akavishika.

"Mungu akulipe, kaka," alisema kwa mdomo uliovimba. "Umeniokoa. Sitakusahau mpaka nife."

Akainua uso. Jicho moja, lile lililoweza kufunguka, likamtazama fundi, na mkono wake ukaachia viatu.

"Shemeji?"

Fundi akachuchumaa, akamfuta damu kidevuni taratibu kwa kitambaa cha kusafishia skrini.

"Dada ametoka hospitali asubuhi," alisema. "Wamemshona nyuzi tisa usoni."