Lori la Kambini

Lori la kambini lilipiga honi barabarani, mtaani Gungu, lakini Nasra hakuinuka. Alikuwa ameapa kuiacha kazi ya kuwapikia wakimbizi. Kambi ilikuwa mbali. Kila siku alimwacha mwanawe usingizini na kumkuta usingizini.

Leo mtoto alikuwa macho. Akampa titi. Mtoto akageuza uso, akalilia kikombe cha uji cha bibi yake.

“Mwache,” mama mkwe akasema. “Mama yake siku hizi ni kikombe.”

Maziwa yakachuruzika, yakalowesha kanga. Kule kambini alikuwa akimnyonyesha kichanga aliyefiwa na mama yake njiani, wakikimbia kutoka Burundi. Kwa dini, huyo naye alikuwa mwanawe wa kunyonya, tena asiye na bibi wala kikombe.

Honi ikalia tena.

Nasra akasimama. Ndipo mwanawe akamnyooshea mikono.